Nimeitazama Fox News miaka mingi, sasa siiamini kama zamani. Niitazameje?

Kihesa_Juu (Iringa)

Kamwene wakuu. Naomba msaada wa watu wanaoifahamu televisheni ya Marekani kwa undani. Wa kuja kunisuta wanipishe kwa leo.

Mimi ni mtazamaji wa Fox News wa siku nyingi, tangu Bill O'Reilly akishika kipindi cha saa 2 usiku cha kwao. Kilichonivuta sikifichi: uhai wa mtoto aliye tumboni, ndoa, imani, na heshima kwa mtu anayekula jasho lake. Misimamo hiyo bado ni yangu na sikuja hapa kuibadili. Kilichobadilika ni imani yangu kwa chaneli yenyewe.

Mawili yamenitikisa. La kwanza ni kesi ya Dominion, kampuni ya mashine za kupigia kura, iliyoishia kwa Fox kulipa dola milioni 787.5 mwezi Aprili 2023. La pili liko mlangoni kwetu. Misaada ya nje iliposimamishwa Januari 2025, vipindi vya maoni vilishangilia kana kwamba kila senti ilikuwa ikitupwa jalalani. Sisi wa nyanda za juu kusini tunaijua PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta VVU kwa watu wazima asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, mikoa mitatu ya juu kabisa nchini. Na mpango ule aliuanzisha George W. Bush mwaka 2003, rais wa Republican, tena akiungwa mkono kwa nguvu na Wakristo wa mrengo huuhuu.

Sasa nauliza: habari na maoni nizitenganishe vipi pale? Kuna faida kuhamia Newsmax, ile chaneli nyingine ya kihafidhina? Na dai likirushwa, mtu wa Iringa mwenye simu na bando la kawaida analifuatilia hadi wapi? Pia nina mzee katika familia ambaye hapo hakuna cha kumwambia, ila hilo tuliache kwanza.

---

Forest_Mpya (Mbeya)

Mkuu, anza na saa. Watu wengi huku wanadhani wanaitazama Fox News, kumbe wanatazama sehemu yake ndogo tu, ile iliyokatwa vipande. Saa zetu zinachangia sana.

New York iko nyuma yetu kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Miezi iliyobaki ni saa 8. Chukua miezi ile ya tofauti ya saa 7. Fox & Friends, kile cha makochi cha asubuhi yao, kinaanza kwetu saa 7 mchana na kwenda hadi saa 10. Hicho ni mchanganyiko: habari kidogo, mazungumzo mengi, wanasiasa wakipiga simu. Baada yake, saa 10 hadi 12 jioni, kinakuja America's Newsroom cha Bill Hemmer na Dana Perino, na hicho kiko upande wa habari. Baada ya hapo kuna saa za mchana wao zenye habari kwa sehemu kubwa, na sisi tunakuwa tunakula chakula cha usiku. The Five, watu watano mezani wakibishana, ni saa 6 usiku. Special Report cha Bret Baier ni saa 7 usiku. Halafu ndipo linapofunguka pazia la maoni: Laura Ingraham saa 8 usiku, Jesse Watters saa 9, Sean Hannity saa 10 alfajiri, Gutfeld saa 11. Novemba ikifika ongeza saa moja kwa kila kimoja.

Sasa angalia kinachotokea. Mtu wa Uyole au Mafinga akiwa macho, chaneli iko kwenye saa zake za habari. Akilala, chaneli inaingia kwenye saa za maoni. Anaamka saa 12 asubuhi, anafungua simu, na kinachomsubiri ni dakika 6 za Hannity na dakika 4 za Watters zilizokwisha kukatwa, kupewa kichwa cha kutisha na kusambazwa. Akizitazama hizo akinywa chai, anasema "nimeona kwenye habari". Hakuna habari aliyoiona.

Tofauti ya pande hizi mbili si ya rangi ya studio. Upande wa habari una wahariri, wanahabari wa Ikulu na Bunge, na dawati la uchaguzi. Upande wa maoni una mwendesha kipindi, waandaaji wake na wageni wake, na kazi yao ni kujenga hoja. Hata wanasheria wa Fox wenyewe waliutumia utengano huu. Mwaka 2020, Karen McDougal alipomshtaki Fox kwa maneno ya Tucker Carlson, mwendesha kipindi wake cha maoni wa wakati huo, jaji wa shirikisho mjini New York aliifuta kesi akikubali kwamba mtazamaji mwenye busara anajua kuwa mwendesha kipindi cha namna ile anatia chumvi na kutoa maoni, hasemi jambo la hakika neno kwa neno. Ukielewa uamuzi huo umeelewa nusu ya jibu lako. Kinga ya kisheria ya kipindi cha maoni inakutegemea wewe usikichukue kama habari.

Kuhusu Dominion, kiini chake wengi wanakiruka na kukimbilia kiasi cha fedha. Usiku wa tarehe 3 Novemba 2020, saa 5 na dakika 20 ya kwao, dawati la uchaguzi la Fox lilitangaza kuwa Biden ameshinda Arizona, mapema kuliko wote. Shirika la habari la AP lilifuata saa chache baadaye. Tangazo lilikuwa sahihi; tofauti ya mwisho ilikuwa kura 10,457. Lakini watazamaji walikasirika, wakaanza kuhamia Newsmax. Desemba ile kipindi kimoja cha Newsmax kilikipita cha Fox cha saa hiyohiyo katika kundi la watu wa miaka 25 hadi 54, ambalo ndilo watangazaji wa biashara wanalilipia. Katika wiki hizohizo, kuanzia Novemba, madai kwamba mashine za Dominion zilimwibia Trump kura yakapewa nafasi na wageni wake wakaalikwa.

Ujumbe wa simu uliowekwa mahakamani unaonyesha walichokuwa wakiambiana faraghani. Carlson aliandika kwamba Sidney Powell, wakili aliyekuwa akiyaeneza madai hayo, anadanganya. Hannity alisema chini ya kiapo kuwa hakuyaamini hata sekunde moja. Mwandishi wa upande wa habari wa Fox aliposahihisha dai la Trump mtandaoni, Carlson aliwaandikia wenzake kwamba afukuzwe, akitaja kuwa bei ya hisa inashuka. Machi 2023 Jaji Eric Davis wa Delaware aliandika kuwa hakuna hata moja kati ya kauli zile kuhusu Dominion lililokuwa kweli. Wiki chache baadaye, wazee wa baraza wakiwa wameshachaguliwa, pande mbili zikamalizana nje ya hukumu.

Kwa hiyo ukiuliza ni nini hasa kiliharibika, jibu langu ni hili: chaneli iliwaogopa watazamaji wake. Hilo ni tofauti na kusema ina mrengo. Mrengo unaweza kuuona na kuupunguza kichwani mwako. Woga wa kumwambia mtazamaji asichotaka kusikia hauonekani kwenye kioo.

Na fedha ndizo zinazoufanya woga huo uwe mkubwa. Fox News inalipwa ada kwa kila nyumba yenye kebo, kila mwezi, hata nyumba isiyoifungua kamwe. Kampuni za kebo zinakubali ada kubwa kwa sababu zinajua kuna watazamaji ambao Fox ikitoka, nao wanatoka. Hao waaminifu ndio mtaji wenyewe. Kuwaudhi ni hatari kuliko kukosa matangazo ya wiki moja.

---

Soko_Matola

Mnajichosha. Zote ni zilezile. CNN nao wamefanya madudu yao, ABC nao wamelipa. Tofauti ni kwamba Fox ikikosea dunia nzima inapiga kelele. Kihesa, tazama unachokipenda.

---

Forest_Mpya (Mbeya)

Mkuu Matola, uko sahihi kwamba wengine wamelipa. Juni 2017 CNN iliondoa habari kuhusu Anthony Scaramucci na wanahabari watatu wakaachia kazi. Januari 2020 CNN hiyohiyo ilimalizana na Nicholas Sandmann, kijana wa shule aliyesawiriwa vibaya kwenye tukio la Washington. Desemba 2024 ABC ilikubali kutoa dola milioni 15 katika kesi ya Trump, baada ya mtangazaji wake kutumia neno zito kuliko alilokutwa nalo mahakamani. Mtazamaji wa kihafidhina anaposema vyombo vikubwa havimtendei haki, hajalitoa hewani.

Ila pima aina ya kosa. Suala la CNN la 2017 ni habari iliyotoka bila uthibitisho wa kutosha, ikaondolewa, watu wakawajibika. La ABC ni neno moja, ingawa lilirudiwa mara kadhaa. Ile ya Dominion ni jambo lililoendelea kurushwa kwa wiki nyingi huku waliolirusha wakijua halisimami. Kosa na kujua si kitu kimoja, na sheria ya Marekani imesimama juu ya tofauti hiyo tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1964 ya New York Times na Sullivan. Mtu maarufu hashindi kesi ya kashfa hadi aonyeshe kuwa mtoa habari alijua ni uongo au hakujali. Ni ukuta mrefu mno. Ndiyo maana malipo ya milioni 787.5 yaliwashtua hata wanasheria.

---

Mwl_Ilula

Nijibu swali la Newsmax kwa haraka, kisha niende kwenye kufuatilia madai, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Newsmax ilianza kama tovuti mwaka 1998 chini ya Christopher Ruddy, televisheni ikaja 2014. Nayo ilirusha madai yaleyale ya mashine za kura. Mwaka 2024 ilikubali kulipa Smartmatic, kampuni nyingine ya mashine za kura, dola milioni 40, na mwaka 2025 ikakubali kulipa Dominion milioni 67. OAN, chaneli nyingine ya mrengo huo iliyoanza 2013, ni ndogo zaidi, na ilipoteza nguvu ilipoondolewa kwenye king'amuzi cha DirecTV Aprili 2022. Kuhamia huko ukiikimbia Fox kwa sababu ya Dominion ni kutoka kwenye tope na kuingia mtoni. Upande wao wa habari ni mwembamba kuliko wa Fox: wanahabari wachache, wachambuzi wengi.

Ukitaka sauti ya kihafidhina inayokaripia wa kwake inapobidi, nenda kwenye maandishi. National Review ipo tangu 1955. The Dispatch ilianzishwa 2019 na Steve Hayes na Jonah Goldberg. Hawa wawili walikuwa wachambuzi wa Fox, wakaachia Novemba 2021 kwa sababu ya kipindi maalumu cha Carlson kuhusu tukio la Januari 6, 2021, wafuasi wa Trump walipovamia jengo la Bunge. Wote ni wahafidhina kama wewe. Maandishi pia ni mepesi kwa bando.

Sasa kufuatilia dai. Nichukue mfano wako wa PEPFAR, maana unaonyesha kila hatua inapoweza kuteleza.

Juni 2025 video zilizunguka huku zikisema "Bunge la Marekani limefuta PEPFAR". Nyingine zikasema "Republican wameiokoa PEPFAR". Ukisikiliza zote mbili unabaki hewani. Hatua ya kwanza ni kuuliza: chombo gani kimefanya nini? Marekani ina mabunge mawili. Baraza la Wawakilishi likipitisha, bado hakuna sheria. Linakwenda Seneti, na Seneti ikibadilisha hata mstari mmoja linarudi. Mwisho rais anasaini. Mtangazaji wa maoni anasema "Congress" kwa hatua yoyote kati ya hizo.

Hatua ya pili ni kupata namba ya muswada. Huo ulikuwa H.R. 4. Ukiwa na namba, fungua congress.gov, iandike kwenye kisanduku cha kutafuta, chagua Bunge la 119. Ukurasa ukifunguka usianze na maandishi ya muswada, yatakuchosha. Nenda kichupo cha Actions, ambacho kinaorodhesha kila kilichotendeka na tarehe yake, jipya likiwa juu. Soma kutoka chini kupanda juu. Utaona: Wawakilishi walipitisha tarehe 12 Juni kwa kura 214 dhidi ya 212, likiwa na makato ya dola bilioni 9.4. Seneti ikatoa makato ya milioni 400 ya PEPFAR, ikapitisha kwa 51 dhidi ya 48. Likarudi, likapita, rais akasaini 24 Julai likiwa takribani bilioni 9.

Kwa hiyo aliyesema "limefutwa" alikuwa anasimulia toleo la Juni, na hata hilo halikuifuta, lilikata sehemu. Aliyesema "limeokolewa" alikuwa anasimulia mstari mmoja wa Julai na kunyamazia kwamba kusimamishwa kwa misaada tangu tarehe 20 Januari kulikuwa amri ya rais, nje kabisa ya muswada huu. Kibali cha kuendelea na dawa za kuokoa maisha kilitolewa siku chache baadaye, lakini watu wengi wa miradi walikuwa wameshaambiwa wasije kazini. Mtu wa Makete anayejiuliza kwa nini mhamasishaji wa kliniki hakuonekana Februari hawezi kupata jibu kwenye video yoyote kati ya zile mbili.

Lipo jambo dogo hapo linalowachanganya hata wanaojua. Muswada wa kawaida unahitaji kura 60 Seneti ili mjadala ufungwe. Huu wa kufuta fedha zilizokwisha idhinishwa unahitaji wingi wa kawaida tu. Ukisikia "hawana kura 60, hautapita", angalia kwanza ni muswada wa aina gani.

Maneno ya kushika: "indicted" ni kushtakiwa, bado hajahukumiwa. "Convicted" ndio kupatikana na hatia. "Alleged" ni inadaiwa. Wanaotafsiri video hizi kwa Kiswahili mitandaoni huliangusha neno "inadaiwa" mara nyingi, kwa sababu linapunguza kishindo. Ukisikia video ya Kiswahili inayosema "amefanya", sikiliza Kiingereza chini yake kama neno "allegedly" lilikuwepo. Vilevile "sources tell us" maana yake wana mtu wasiyemtaja. Linaweza kuwa kweli, ila bado ni la kusubiri. Na swali lenye alama ya kuuliza chini ya kioo, kama "Je, wanaficha kitu?", si taarifa. Hakuna kilichosemwa hapo ambacho mtu anaweza kukanusha.

Kwa hukumu za mahakama nenda supremecourt.gov. Hukumu ndefu ina muhtasari mwanzoni unaoitwa syllabus, kurasa chache. Dobbs ya tarehe 24 Juni 2022, kwa mfano: wengi huku waliambiwa "Marekani imepiga marufuku utoaji mimba". Muhtasari unasema mamlaka yamerudishwa kwa wananchi na wawakilishi wao, yaani kila jimbo linaamua. Mtu anayejali uhai wa mtoto anahitaji kujua hilo sawasawa, maana linabadilisha kabisa cha kuombea na cha kufuatilia.

---

Fundi_Makambako

Walimu wamemaliza ya kichwani, mimi niseme ya mkononi.

Kwanza bando. Video ya 360p inakula takribani MB 300 hadi 400 kwa saa. Ukiiacha ijichagulie ubora kwenye 4G itapanda 720p na kufika GB 1 au zaidi. Weka 360p mwenyewe kwenye mipangilio ya ubora. Bora zaidi, sikiliza. Special Report hutolewa pia kama podikasti. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde ni MB 29 kwa saa, ya 128 ni MB 58. Pakua usiku kama una bando la usiku, sikiliza asubuhi ukienda shamba. Kwa kazi hii picha haina faida kubwa. Tena picha ndiyo inayobeba sura za kukasirika, muziki na maandishi mekundu.

Pili, kusafisha YouTube. Mfumo wake unapendekeza kutokana na ulichotazama na muda uliokaa. Ukitazama hasira, unaletewa hasira, na mwezi wa pili inayoletwa si ya Fox tena, ni ya mtu asiyejulikana aliyekata video za Fox. Fungua programu, gusa picha yako, ingia Historia, bonyeza nukta tatu juu, futa historia yote ya kutazama. Hapohapo weka ufutaji wa kujiendesha kila baada ya miezi 3. Kisha zima kucheza video inayofuata yenyewe. Halafu siku saba za mwanzo tafuta vipindi vizima kwa jina, usiguse vipande. Video mbaya ikijileta, bonyeza nukta tatu zake na uchague kutopendekezewa chaneli hiyo. Kubonyeza alama ya kutopenda peke yake hakusaidii sana, maana umeshaitazama.

Watu wanashindwa hapa kwa sababu moja: simu ni ya nyumba nzima. Kijana akitazama kwa akaunti ileile, historia inajaa tena. Tenganisha akaunti.

Tatu, za bandia. Nembo ya Fox kona ya chini si ushahidi, inabandikwa kwa dakika moja. Angalia kama maandishi yanayopita chini yamekatwa. Waliokata huondoa sehemu inayoweza kufichua ni ya lini, ili video ya 2020 ionekane ya leo. Neno LIVE linabaki kwenye video ya zamani, kwa hiyo halimaanishi kitu. Sikiliza pumzi: sauti iliyotengenezwa na kompyuta mara nyingine haivuti hewa mahali mtu angevuta, na midomo inaweza kuchelewa kwenye herufi kama b, m na p. Ukitilia shaka, chukua maneno sita mfululizo uliyoyasikia, yaandike ndani ya alama za nukuu kwenye kitafutio. Kama ni kweli Baier aliyasema, kuna uwezekano mkubwa maneno hayo yameandikwa na wengine.

Nyongeza kwa wa Tukuyu na Rungwe wenye dishi dogo: masika chaneli za kimataifa zikipotea, usikimbilie kusogeza dishi. Mawimbi ya bendi ya Ku yanamezwa na mvua kubwa. Subiri ipungue. Ukilisogeza wakati wa mvua utalipoteza hata likikauka.

---

Kihesa_Juu (Iringa)

Asanteni sana. Hili la saa limenifungua macho, sikuwahi kuzipanga hivyo.

Sasa mzee. Ni baba mkwe, yuko Njombe, umri umekwenda. Nikimwambia "hiyo ni maoni, si habari", anaona namkosea adabu na ananyamaza. Nisingependa kumnyang'anya kitu anachokipenda.

---

Mama_Kiwira

Mwanangu, mzee huyo usimfundishe. Mkwe hamsahihishi mkwewe mbele ya watu, wala faraghani kwa sauti ya ualimu.

Mpe Special Report badala ya vipande. Baier anakaa na wachambuzi dakika za mwisho, na mara nyingi mmoja wao anapingana na wenzake kwa upole. Mzee anayeheshimu baraza ataielewa meza hiyo haraka kuliko mtu mmoja anayefoka. Mpakulie wewe, umpelekee Jumamosi, msikilize wote wawili. Ile ya Ijumaa usiku ya kwao inakuwa tayari Jumamosi asubuhi.

Ukisikia dai, usiseme si kweli. Uliza: "Baba, hapa amesema nani amefanya?" Kisha nyamaza umwache ajibu. Mara tatu nne akikosa jina la mtu, la chombo au tarehe, ataanza kuliona pengo mwenyewe. Usimtumie kesi ya Dominion, hiyo ataisikia kama shutuma kwa wote wanaotazama. Mwanzie PEPFAR, aliyoanzisha Bush na ambayo kliniki yake iko njiani kwake. Hapo misimamo yake na ukweli viko upande mmoja, hana cha kutetea.

Na mpunguzie saa moja tu, ile ya simu asubuhi kabla ya uji. Mwekee redio. Taarifa ya habari ya Kiswahili ikishapita kwanza, vipande vya Hannity vinamkuta akiwa na cha kulinganisha.

---

Forest_Mpya (Mbeya)

Shikamoo mama. Naongeza moja tu kwa Kihesa: siku za uchaguzi wa kwao, tazama dawati la uchaguzi la Fox bila wasiwasi, litazame pamoja na AP. Lile la Arizona walilitetea wakikasirikiwa na watazamaji wao wenyewe, na mhariri wa siasa aliyekuwa kwenye dawati hilo, Chris Stirewalt, alipoteza kazi Januari 2021. Usiku huo kwetu ni asubuhi ya Jumatano. Arizona ilitangazwa saa 1 na dakika 20 asubuhi yetu, kwa hiyo huna haja ya kukesha. Lala, amka saa 12, washa, na uangalie ramani badala ya nyuso.

---

Kihesa_Juu (Iringa)

Nimepakua ya Ijumaa, MB 40 na kitu. Kesho naondoka na basi la Njombe la asubuhi.